Kamera, Msitu na Utulivu wa Moyo: Tunayojifunza kwa Sebastião Salgado

Makala yetu ya leo inamhusu mtu ambaye picha zake wengi wetu tumewahi kuziona hata kama jina lake hatulikumbuki. Sebastião Salgado, mpiga picha mashuhuri wa Brazil, alifariki dunia mjini Paris mwezi Mei mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 81. Dunia ilimlilia kwa sababu ya picha zake za nyeusi na nyeupe. Kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, kisa chake kina uzito zaidi, kwani ni kisa cha mtu aliyevunjika moyo katika ardhi yetu, na moyo huo ukaja kutengenea kwa kupanda miti na kupiga picha za wanyama, milima na misitu.

Salgado alizaliwa mwaka 1944 katika mji mdogo wa Aimorés, jimbo la Minas Gerais. Alisomea uchumi, si upigaji picha. Mwaka 1969, yeye na mkewe Lélia waliikimbia Brazil iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi, wakahamia Ufaransa. Baadaye alipata kazi London katika Shirika la Kimataifa la Kahawa, na kazi hiyo ikamleta Afrika mara kwa mara, Rwanda ikiwa miongoni mwa nchi alizozizuru. Safarini alikuwa akibeba kamera ya mkewe, na haukupita muda akaona kwamba picha zinampa raha kuliko ripoti za uchumi. Mwaka 1973 akaiacha kazi yenye mshahara mzuri na kuanza upya. Sisi tunaoishi ugenini tunajua uzito wa uamuzi wa namna hiyo.

Katika miaka ya 90 alifuatilia maisha ya watu waliong'olewa makwao. Ndipo ukafika mwaka 1994 na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwishoni mwa mwezi Aprili, katika muda wa takriban siku moja tu, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara nchini Tanzania. Kambi ya Benako ikageuka ghafla kuwa mji mkubwa wa maturubai na moshi wa kuni. Salgado alikuwepo na kamera yake. Miezi michache baadaye alikuwa Goma, ambako kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi.

Aliyoyaona huko yalimzidi nguvu. Katika hotuba aliyoitoa hadharani mwaka 2013 alisimulia kwamba alipoteza imani na binadamu, na mwili wake ukaanza kudhoofika. Alikwenda kumwona daktari rafiki yake, naye akamweleza kwamba hana ugonjwa wa kawaida, ila ameona vifo vingi mno kiasi kwamba yeye mwenyewe amekuwa akifa polepole, na hana budi kuacha. Akaiweka kamera chini.

Mume na mke wakarudi Aimorés, kwenye shamba la mifugo la wazazi wa Salgado. Lakini shamba nalo lilikuwa mgonjwa. Msitu alioujua utotoni ulikuwa umekatwa, udongo umemomonyoka na chemchemi zimekauka. Lélia ndiye aliyetoa wazo la kuurudisha msitu. Mwaka 1998 wakaanzisha Instituto Terra, na mwaka uliofuata miche ya kwanza ikapandwa. Tangu wakati huo miche zaidi ya milioni 2 ya miti ya asili imepandwa. Maji yakarudi kwenye chemchemi, ndege wakarudi, na kwa maneno yake mwenyewe hamu ya kupiga picha nayo ikarudi.

Safari hii hakwenda kutafuta vita wala njaa. Mwaka 2004 alianza mradi aliouita Genesis, wa kupiga picha sehemu za dunia ambazo bado hazijaharibiwa. Mradi huo ulimchukua miaka 8, na kitabu chake kilitoka mwaka 2013. Alianzia visiwa vya Galapagos. Huko alitaka kumpiga picha kobe mkubwa, lakini kila alipomkaribia kobe aliondoka. Salgado akapiga magoti, akaanza kutambaa kwa mikono na magoti, akijishusha hadi kimo cha kobe. Kobe akasimama. Salgado akarudi nyuma, na kobe naye akamsogelea. Alisema kwamba hapo ndipo alipoelewa kuwa mnyama naye ana heshima yake, na picha haipatikani bila kuitambua heshima hiyo.

Kituo kilichofuata kinatugusa sisi moja kwa moja. Alirudi katika milima ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, kupiga picha masokwe wa milimani. Ni milima ile ile inayotazama Goma. Miaka kumi kabla, wakimbizi waliokuwa hawana kuni walikata sehemu kubwa ya misitu yake ili wapike. Asiye na namna halaumiwi kwa kuni, lakini jambo hilo linatuonyesha kwamba mateso ya watu na mateso ya msitu hayako mbalimbali. Masokwe hao walisalimika, na leo idadi yao imepita 1,000.

Pamoja na sifa zote hizo, tusimfanye malaika. Mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, alimkosoa katika kitabu chake cha mwaka 2003 kwa kuwa watu wanyonge katika picha zake za wahamaji hawakutajwa majina. Hoja hiyo ina haki yake. Miongoni mwa wasomaji wetu huenda wamo waliopita Benako, au wazazi wao. Mpiga picha alikuwa na shamba la kurudia na tiketi ya ndege. Wengi wa aliowapiga picha hawakuwa na pa kwenda. Utulivu alioupata ni wa kweli, lakini tukumbuke kwamba nafasi ya kuutafuta si kila mtu anayo.

Je, sisi tunaobeba maboksi usiku, tunaolea wazee wa watu, tunaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, tunapata nini katika kisa hiki? Hatuna Galapagos. Lakini London tunayo Richmond Park yenye mamia ya kulungu, na walioko Oman wanayo Salalah inayogeuka kijani wakati wa kharifu, kati ya Juni na Septemba, huku sehemu nyingine za Ghuba zikiungua kwa joto. Kamera ya simu inatosha kabisa.

Ila kamera yenyewe haileti utulivu. Kinacholeta utulivu ni kutazama. Mtafiti Linda Henkel wa Marekani alichapisha mwaka 2014 uchunguzi alioufanya katika jumba la makumbusho. Waliopiga picha vitu vizima walivikumbuka vibaya zaidi kuliko waliovitazama tu, lakini waliovuta kamera karibu na kulenga sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu. Ama kweli, haraka haraka haina baraka.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache. Chagua mahali pamoja karibu na unapoishi, urudi hapo kila wiki. Nenda alfajiri, wakati mwanga ni laini na watu ni wachache. Ukifika, kaa dakika kumi bila kuitoa simu mfukoni, usikilize kwanza. Kisha jiwekee kikomo cha picha 36, idadi iliyokuwa katika filamu za zamani, ili kila picha uifikirie. Na usiwasumbue viumbe: kulungu wa Richmond waachie angalau mita 50, na kasa wanaotaga usiku ufukweni Ras al-Jinz wasimulikwe kwa mwanga wa kamera.

Wakati wa baridi, jua la London linapozama kabla ya saa kumi alasiri, mtu hujifungia ndani na mawazo humwelemea. Siku hizo ndizo za kutoka kwa makusudi, hata kwa nusu saa, kutafuta mti mmoja usio na majani na kuutazama vizuri. Hata hivyo, huzuni isiyoondoka wiki baada ya wiki ipelekwe kwa daktari, kama Salgado alivyofanya. Si aibu. Kwake yeye uponyaji ulianzia kwa daktari, ukaendelea kwenye jembe na miche, na kamera ikaja mwisho.

Tunawatakia subira na mwanga mwema, popote mlipo.