Wasee wa Kusaka Data na Stori ya Kufuli

Kama ushawahi kusaka kitu Wikipedia ukaipata hata baada ya kuboronga spelling, kuna buda wa Israeli anaitwa Shay Banon unafaa kumjua. Wikipedia walihamia kwa ngoma yake 2014. GitHub walikuwa wameishika hata kabla. Hiyo ngoma inaitwa Elasticsearch, na kampuni iko nyuma yake, Elastic, ilianza kadogo sana hadi ikaomoka vibaya. Nataka tuibonge vizuri, juu mbogi mingi hapa Kanairo inajenga vitu na hiyo kitu kila siku, na kuna part moja ya hii stori inaniuma roho.

Miaka ya mwanzo ya 2000, bibi ya Banon alikuwa London akisomea mapishi Le Cordon Bleu. Banon hakuwa na wera, so akaanza kumshonea ka-programu ka kusaka mapishi. Chini yake aliweka Lucene, kodi huria yenye Doug Cutting alianza kuandika 1999. Lucene ilikuwa moto lakini kuishika ilikuwa kazi ngumu. Banon akaifunika na kitu rahisi, akaiita Compass, akaiachilia 2004. Na venye data za watu zilikuwa zinazidi nguvu ya mashine moja, akarudi chini kabisa, akaandika kila kitu upya. February 2010 akatoa Elasticsearch. Free. Yeyote anaweza kuchukua.

Cheki venye inafanya, juu hapa ndio utamu uko. Sema uko na meseji tatu. Ya kwanza: "mama mboga yuko Githurai." Ya pili: "boda ya Githurai imeharibika." Ya tatu: "mboga imeisha." Njia ya kizamani ni kusoma meseji moja moja kila saa mtu akiuliza kitu. Elasticsearch inazigeuza mapema. Inaandika neno "Githurai", na kando yake namba 1 na 2. Inaandika "mboga", na kando yake 1 na 3. Ukisaka "mboga Githurai", inaweka hizo list mbili pamoja, inaona 1 imetokea kote, inakuletea hiyo ya kwanza juu kabisa. Neno lenye linatokea mara chache linabeba uzito kuliko lenye liko kila mahali. Sasa chukua hiyo orodha yote ya maneno, yaani faharasa, ikate vipande, gawa kwa seva ishirini, kila moja isake kipande yake wakati mmoja. Ndio maana unaweza kuuliza swali kwa meseji bilioni na jibu lifike kabla hujameza mate.

2012 Banon, Steven Schuurman, Uri Boness na Simon Willnauer wakafungua kampuni Amsterdam. Mwaka huo huo wakaangushiwa dola mita 10. Mwaka uliofuata, mita 24. 2014, mita 70. Kitu napenda sana ni venye walikuwa wanachukua watu. Rashid Khan alikuwa ameunda Kibana, ile ya kuchora data ionekane kwa macho. Jordan Sissel alikuwa na Logstash, ya kukusanya rekodi za seva. Wote wawili walikuwa wanajenga juu ya ngoma ya Banon ama kando yake, na wote wakaitwa ndani 2013. Na watu wa hiyo kampuni wametawanyika nchi mob, wengi wanachapa kazi kutoka kwa keja zao. Walikuwa wanaishi hivyo kitambo kabla corona ilazimishe dunia yote. Dogo wa Umoja ama Kayole mwenye anajua kodi anafaa kuskia hiyo mara mbili.

Sasa tuingie kwa usalama. Seva yoyote inaandika kila kitu inafanya: nani ameingia, saa ngapi, amegusa nini. Wasee wa security walikuwa wanamwaga hizo rekodi zote ndani ya Elasticsearch ndio wasake mwizi. Nani amejaribu paswadi mara mia tatu saa tisa usiku? Unauliza, unajibiwa. Hakuna mtu wa kampuni aliwatuma, walianza tu wenyewe. Elastic wakaona hapo kuna chapaa halali na wakaingia mzima mzima: 2019 wakatoa ngoma yao ya usalama, na mwaka huo huo wakanunua Endgame, kampuni ya kulinda kompyuta, kwa dola mita 234. By then walikuwa washaingia soko la hisa New York, October 2018. Hisa iliuzwa dola 36, jioni ya siku ya kwanza ikafunga kwa 70.

Lakini kuna ile part ya kuuma. Miaka yote hiyo, kusaka ilikuwa bure na kufuli ilikuwa ya kununua. Ukidai paswadi, watumiaji wenye ruhusa tofauti, ama data isimbwe ikisafiri kati ya seva, ulifaa ulipe. Hiyo kufuli ilitoka 2015 ikiitwa Shield. Startup ya watoto watatu kwa bedsitter italipa na nini? Hawakulipa. Wakawasha seva hivyo tu, mlango namba 9200, wazi kwa intaneti yote. Kutoka toleo la 2.0 programu ilikuwa inaskiza mashine yake pekee, lakini msee anadai seva ingine iifikie, anabadilisha mstari mmoja, na mlango unabaki wazi. Ukiubisha hodi inakujibu kwa adabu: jina la seva, namba ya toleo, na chini kabisa kamstari ka kukwambia hii kitu ni ya kusaka. Hakuna mtu anakuuliza wewe ni nani.

January 2017 wezi wa mtandao wakaanza kupita hiyo milango. Wanafuta data, wanaacha barua: tuma bitcoin ndio urudishiwe. Maelfu ya seva. July 2020 ikatokea ingine mbaya zaidi, ikabatizwa Meow. Hiyo haikudai hata ndururu. Iliingia, ikafuta, ikaacha herufi za ovyo na neno "meow" mwisho. Mtu anaamka asubuhi, kazi yake yote imekuwa sauti ya paka.

Mimi naona Elastic walikosea kuuza kufuli miaka hiyo yote, na naona walifanya poa sana kubadilika. May 2019 wakaweka paswadi, ruhusa na usimbaji bure, toleo la 6.8 na 7.1. February 2022, toleo la 8.0, wakaenda mbali zaidi: ukiwasha mara ya kwanza tu, inajifunga yenyewe. Inakuundia paswadi, inakuonyesha kwa skrini, na inakupatia tokeni ya kuunganisha Kibana yenye inaisha nguvu baada ya dakika 30. Wewe hujafanya kitu na mlango ushafungwa. Kuna mtu alikaa chini akafikiria yule dogo mchovu wa saa nane usiku mwenye anataka tu kitu iwake alale. Naheshimu hiyo sana.

Na hapa Kenya hii si stori ya mbali. Sheria ya Kulinda Data ilipita 2019. Data ya watu ikivuja mikononi mwako na kuna hatari wataumia, uko na masaa 72 kumwambia Kamishna wa Data. Faini ya ofisi yake inaweza kufika shilingi mita 5 ama asilimia 1 ya mapato yako ya mwaka, ile yenye iko chini. Hizo namba za simu na za ID umekusanya kwa app yako ni za shosh wa mtu, ni za msee wa boda mwenye alikuamini.

So kama bado uko na toleo la 6 ama 7 la Elasticsearch mahali, imewashwa tangu ile hackathon, ingia leo. Jaribu kubisha 9200 kutoka kwa simu yako, ukiwa nje ya mtandao wa kazi. Ikikujibu bila kuuliza paswadi, izime kwanza, halafu ndio upige simu kwa wenzako.