Mpwapwa na Muscat: Saa Tano za Angani Hazitoshi Kuwahi Maziko

Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat, mji mkuu wa Oman, ni takriban kilomita 4,000 kwa njia ya anga. Ndege isiyotua njiani hutumia saa tano hivi: huambaa na upande wa Somalia, kisha huvuka Bahari ya Arabuni. Zama za majahazi safari hiyo ilihesabiwa kwa wiki, na nahodha aliyekuja kwa pepo za kaskazi hakuwa na budi kungojea kusi ndipo arejee. Mpwapwa nayo ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo, mahali pa kupata maji kabla ya kuingia nyika kavu ya Marenga Mkali.

Leo vijana wetu wapo Oman wakitafuta riziki, na wazazi waliobaki huku hujifariji kwamba ndege imeifupisha dunia. Ni kweli, lakini tuhesabu vizuri.

Mzazi akifariki Mpwapwa alfajiri, habari itumwayo saa kumi na mbili asubuhi humfikia mtoto saa moja kwa saa za Oman. Hapo aombe ruhusa kwa mwajiri, ambaye pengine ndiye ameishika hati yake ya kusafiria. Atafute tiketi, kisha awepo uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Hata akibahatika kusafiri siku hiyohiyo, akitua Dar es Salaam bado ana zaidi ya kilomita 400 za nchi kavu. Treni ya mwendokasi, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, imempunguzia kazi, lakini haimfikishi nyumbani kabla ya kesho yake.

Nasi tumeamrishwa na Mtume (S.A.W.) kuharakisha jeneza. Hapo ndipo familia nyingi huvutana: wengine wataka maiti angojewe, wengine wataka azikwe alasiri ileile. Mvutano huo huacha makovu baina ya ndugu kwa miaka.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, wazazi na watoto wakubaliane mapema, wote wakiwa hai, kwamba maziko hayatangoja ndege. Mzazi aliseme hilo mwenyewe na liwekwe katika wasia. Pili, aliye ng'ambo ajue kwamba kukosa kutia udongo si kukosa radhi. Mtume ametufundisha kuwa dua ya mtoto mwema humnufaisha mzazi baada ya kufa, nayo haihitaji tiketi. Tatu, na hili ndilo kubwa, nauli anayoiweka kwa ajili ya msiba aitumie mzazi angali hai. Kilomita ni zilezile, lakini atakayefika sasa atakuta mtu wa kumpokea salamu.