Soksi, nepeta na paka: kichezeo cha kushona nyumbani, na shida ya jina

Kifaransa kina maneno herbe à chat na herbe aux chats, na nyuma ya maneno hayo imejificha mimea mitatu isiyo na undugu wowote. Wa kwanza ni ngano au shayiri changa inayooteshwa ndani ya kopo ili paka atafune majani yake, basi. Wa pili ni valeriani, ambayo mizizi yake hutumiwa Ulaya tangu zamani kama dawa ya kuleta usingizi. Wa tatu ndio huu tunaoushughulikia: cataire, ambao wataalamu wa mimea huuita Nepeta cataria, mmoja wa ukoo wa mnanaa na mrihani, asili yake Ulaya na Asia. Ule wa kwanza paka huula tu. Wa pili na wa tatu huwapandisha paka wengi furaha ya dakika chache, na ndiyo inayojazwa ndani ya vichezeo.

Shida hii si ya wanaisimu peke yao. Pakiti ya majani makavu inayofika Lubumbashi ndani ya sanduku la ndugu anayetoka Ubelgiji imeandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiholanzi kattenkruid, na mwenye paka hubaki akijiuliza kama ni chakula, dawa au sumu. Mwingine huimwaga yote kwenye sahani ya samaki, kisha analalamika kwamba haifanyi kitu.

Je, tuuite mmea huu nini kwa Kiswahili? Wajerumani husema Katzenminze, yaani mnanaa wa paka, na tafsiri ya haraka ingetupeleka huko huko. Mimi naikataa, na sababu yangu haiko katika sarufi. Mtu akisikia “mnanaa wa paka” atadhani mnanaa wowote utafaa. Akikosa majani atachukua mafuta ya mnanaa ya dukani, au yale ya mikaratusi tunayojipaka kifuani wakati wa mafua, ayadondoshe kwenye kitambaa. Ini la paka haliwezi kuvunja vitu vingi ambavyo ini letu huvivunja bila taabu, na mafuta hayo makali, akiyalamba au yakimgusa manyoya na baadaye akajilamba, yanaweza kumpa sumu. Kwa hiyo hapa nitasema nepeta, jina la Kilatini ambalo tayari linaishia kwa irabu na halihitaji kubadilishwa. Inasemekana Waroma walilitoa katika mji wa kale wa Nepete, leo Nepi, kaskazini ya Roma. Waingereza walilikata, na kipande chake kimebaki katika catnip.

Tuseme sasa nepeta hufanya nini. Paka akikutana na jani lililopondwa hunusa, hulamba, hutafuna, kisha husugua mashavu na kidevu juu yake. Baada ya hapo hujitupa chini na kugaagaa. Wengine hudondosha mate, wengine hurukia ukuta, wengine hulala chali wakitazama dari kama mzee aliyeshiba bukari. Mambo hayo huchukua kati ya dakika 5 na 15, kisha yanakwisha, na paka huinuka na kwenda zake. Ukimrudishia jani papo hapo hatashughulika nalo. Pua yake inahitaji muda, nusu saa, saa nzima au zaidi, kabla ya kujibu tena.

Kinachofanya kazi ni kitu kimoja katika mafuta ya majani, nepetalaktoni, ambacho Samuel McElvain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitenga mwaka 1941. Kinaingia kwa pua. Wataalamu waliojaribu kuwalisha paka kitu hicho ndani ya vidonge waliona kwamba hawabadiliki hata kidogo, na ndiyo sababu nepeta iliyochanganywa na samaki ni hasara tupu. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walieleza zaidi, wakitumia mmea mwingine wenye nguvu kama hiyo, matatabi: paka akiunusa, endofini hupanda katika damu yake, yaani ile kemikali ya raha ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Walipompa dawa inayozuia kazi ya endofini, paka aliacha kujisugua. Watafiti hao hao waligundua kwamba paka aliyejisugua majani hayo hufuatwa na mbu wachache. Kugaagaa kule, basi, huenda kulianza kama njia ya kujipaka dawa ya mbu. Nasi tunaolala chini ya chandarua kila usiku hatuwezi kulicheka jambo hilo.

Si kila paka atajibu. Takribani paka mmoja kati ya watatu hajali nepeta kabisa, na jambo hilo hurithiwa. Neil Todd alilionyesha mwaka 1962, ingawa tafiti za baadaye zimeona kwamba urithi wenyewe ni tata kuliko alivyodhani. Watoto wa paka nao hawajibu mpaka wafikishe miezi mitatu hivi, wengine mpaka sita. Paka wako akinusa na kugeuka, usimlazimishe. Ana pua yake.

Nimeandika hayo kwa urefu kwa sababu kwetu paka ana kesi nyingine. Katika mitaa mingi yetu, paka mweusi anayelia usiku juu ya bati amekwisha kuhukumiwa kabla ya kukamatwa, na mwenye paka huyo huweza kuhukumiwa pamoja naye, hasa akiwa mama mzee anayeishi peke yake. Fikiria sasa jirani achungulie uani na kumkuta paka anagaagaa, mate yanamtoka, macho yamemtoka, mbele ya kifurushi cha kitambaa kilichofungwa fundo na kujazwa majani yasiyojulikana. Kwa jicho la mtu mwenye hofu, kifurushi kile ni hirizi. Ushauri wangu: mweleze jirani mapema, mpe kichezeo akishike, mfungulie aone majani. Simba na jaguar wa hifadhi za wanyama nao hugaagaa hivyo hivyo wakipewa nepeta, na hakuna mtu aliyewashitaki kwa uchawi.

Kazi yenyewe ni ndogo. Tafuta soksi moja safi ya pamba, ile iliyopoteza mwenzake. Soksi nzito ni bora kuliko nyepesi, kwani meno ya paka hupita katika nailoni na makucha hunasa. Usiifue kwa sabuni yenye manukato makali. Na ukiifua, isuuze mpaka harufu iishe, maana sisi hatunusi kile anachonusa yeye. Kwa kujazia, nenda kwa fundi cherehani umwombe vipande vya vitenge anavyotupa. Hutalipa kitu. Vikate vidogo vidogo. Pamba au sufi ya mto wa zamani pia inafaa, lakini sponji ya godoro usiitumie: paka huing’ata vipande na kuvimeza.

Chukua vijiko viwili vya chakula vya nepeta kavu. Ifikiche kati ya viganja kabla ya kuitia, kwa maana mafuta yake yamekaa katika vifuko vidogo sana juu ya jani na hayatoki mpaka vipasuke. Changanya na vipande vya vitenge, jaza ncha ya soksi mpaka ipate ukubwa wa limau au wa panya mnene, kisha piga fundo la kubana. Ile sehemu ya juu iliyobaki iache ining’inie kama mkia. Ukitaka kushona, kunja kitambaa cha pamba ndani nje, shona pande tatu kwa pointi ndogo ndogo, kigeuze, jaza, halafu funga upande wa nne kwa kurudia mshono mara mbili. Paka wengi hupenda kifurushi kirefu cha kiasi cha sentimita 20 au 25, kwa sababu wanaweza kukikumbatia kwa miguu ya mbele na kukipiga mateke kwa ile ya nyuma, kama wafanyavyo kwa windo lenye nguvu.

Sasa vitu vya kutoweka. Macho ya vifungo, masikio ya plastiki, shanga, riboni, kengele, na zaidi ya vyote uzi mrefu. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea kooni. Uzi ukishanasa hapo hana namna ya kuutema, anaumeza tu. Ndani ya tumbo ncha moja ikishikwa mahali fulani, utumbo hujikunja juu ya uzi kama kiuno cha suruali juu ya kamba, na uzi huukata. Bila upasuaji paka hufa, na daktari wa mifugo mwenye kufanya upasuaji huo si wa kila mji wetu. Ukikuta ncha ya uzi inatoka mdomoni au nyuma, usiivute. Kwa sababu hiyo hiyo, manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye kijiti kwa kamba, mchezo ambao kila paka anaupenda, yachezewe mkononi mwako tu na yafichwe unapotoka.

Kuhusu kupata majani: mbegu za nepeta hupandwa kama za mrihani, juu juu ya udongo laini usiotuamisha maji, mahali penye jua. Msimu wa mvua kubwa weka kopo chini ya mwisho wa bati, maana mizizi yake haipendi matope. Miche uiwekee wavu au chandarua kilichochakaa. Ukihamisha mche na kuuponda kidogo, harufu itatoka na paka wa mtaa mzima watakuja kuulalia. Vuna mashina maua yanapoanza kufunguka, yafunge mafungu madogo, yatundike kichwa chini ndani ya chumba chenye hewa na kivuli. Kiangazi cha Katanga, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, ni wakati mzuri wa kukausha. Jua kali huyafukuza mafuta, na unyevu huleta ukungu. Jani lenye ukungu litupwe. Likivunjika kati ya vidole limekauka. Toa mashina magumu, hifadhi majani na maua katika chupa yenye kifuniko cha kubana, ndani ya kabati.

Asiye na nepeta asikate tamaa, wala asianze kung’oa magugu. Ni kweli kwamba Acalypha indica, gugu la kando ya njia katika nchi nyingi za joto za Asia na Afrika, lina mizizi inayowavuta paka kwa nguvu. Lakini ndugu zake wanaofanana nalo ni wengi, na gugu lenyewe limewahi kudhuru damu ya watu wenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, upungufu ambao si haba katika Afrika. Mwachie mtaalamu wa mimea. Soksi ile ile iliyojazwa vitenge bila jani lolote, ikivutwa chini ya mkeka mbele ya macho ya paka, inatosha kumwamsha. Anachotafuta ni kunyemelea, kurukia na kung’ata. Jani ni nyongeza.

Kuna swali ambalo mwenye stoo ya unga ataniuliza: paka anayecheza atawinda bado? Chuo Kikuu cha Exeter kilifuatilia paka 355 huko Uingereza na kutoa matokeo mwaka 2021. Wale waliochezeshwa na wenyewe dakika 5 hadi 10 kwa siku walileta nyumbani wanyama pungufu kwa asilimia 25. Kwa Mwingereza anayehurumia ndege hiyo ni habari njema, ila kwako unayelinda mahindi si hivyo. Lakini paka wa Exeter walikuwa na chakula na bustani, na paka wako ana panya wa kweli ndani ya ukuta. Mimi ningemchezesha mchana, ule wakati anapochoka kwa upweke na kuanza kukwaruza godoro na daftari za watu au kupita dirishani kuelekea jiko la jirani, ambako samaki na sumu ya panya vinamngoja. Usiku ningekiweka kichezeo kabatini.

Kukiweka kabatini kuna faida nyingine. Kichezeo kinacholala sakafuni siku zote hupoteza harufu, na paka hukizoea. Kitumbukize ndani ya chupa ile ile ya majani makavu, funga, kitoe baada ya siku tatu au nne: kitakuwa kimenywa harufu upya bila kufunguliwa. Kila baada ya kucheza kagua mshono. Fundo likilegea au kitambaa kikitoboka, kifungue, mwaga majani ya zamani kwenye shimo la mbolea, fua soksi, ikaushe, ujaze tena. Soksi ikichakaa kabisa, vipande vyake vikatwe viwe vya kujazia inayofuata.