Zebaki, Mimba na Chungu cha Papa

Mjamzito wa Kilburn, Uingereza, akienda kliniki huambiwa na mkunga asile papa, nduwaro wala sulisuli. Kwa Mwingereza agizo hilo ni jepesi, kwani wengi wao hawajamwonja papa maishani. Kwa binti aliyetoka Unguja au Mombasa, papa wa nazi ni chakula cha nyumbani, na shangazi aliyekuja kumwangalia atauliza: "Mbona sisi tumekula papa mimba zote, na watoto wetu wazima?" Shangazi ana haki ya kuuliza, na anastahili kujibiwa vizuri.

Zebaki hutoka kwenye volkano, moshi wa makaa ya mawe na machimbo ya dhahabu, kisha huishia majini. Huko bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, sumu inayoingia katika nyama ya samaki. Dagaa hubeba kidogo. Samaki anayekula dagaa hubeba zaidi, na papa, aliyeishi miaka mingi akila wengine, hubeba mzigo wa wote. Kumchemsha, kumkausha au kumwaga maji ya kwanza hakusaidii, maana sumu imeshikana na nyama yenyewe.

Ikishaingia kwa mama, nusu yake huchukua takriban siku 50 kutoka mwilini. Kondo la nyuma haliizuii. Damu ya kitovu cha mtoto huwa na methilizebaki nyingi kuliko damu ya mama mwenyewe. Kwa hiyo tahadhari huanza pale mwanamke anapopanga kushika mimba, kabla tumbo halijaonekana.

Tukisikia kasoro za kuzaliwa, tunafikiria mdomo uliopasuka au kiungo kilichopungua. Zebaki hulenga ubongo. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki uligunduliwa rasmi mwaka 1956, kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki baharini. Wako akina mama waliokula samaki wa ghuba ile wakaonekana wazima, au wakaumwa kidogo tu, lakini wakazaa watoto wasioweza kutembea wala kusema. Visiwani Faroe, ambako sumu ilikuwa ndogo zaidi na ilitokana na nyama ya nyangumi, watoto walipimwa wakiwa na miaka 7. Wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi walionekana kurudi nyuma kidogo katika lugha, umakini na kumbukumbu. Upungufu wa namna hiyo hauonekani kwa macho, na hilo ndilo jibu langu kwa shangazi.

Lakini mtu asiache samaki. Shelisheli, majirani zetu, akina mama waliofuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1980 walikuwa wakila samaki takriban mara 12 kwa wiki, na watafiti hawakuona madhara ya kudumu kwa watoto wao. Samaki ana mafuta yanayojenga ubongo uleule tunaoulinda. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, humruhusu mjamzito vipande viwili vya jodari kwa wiki, au makopo manne. Sadini, vibua na samaki wengine wenye mafuta ni mara mbili kwa wiki. Changu wa nazi ni mbadala mzuri wa papa.

Zebaki ninayoihofia zaidi haimo chunguni. Imo kwenye mkorogo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 60 wa figo waliowachunguza, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ya krimu huanza na figo za mama, na sehemu yake humfikia mtoto tumboni. Akishazaliwa, ataikuta tena kwenye mto, taulo na mikono ya mama yake. Samaki ana faida ya kupimwa dhidi ya hatari yake. Mkorogo hauna faida yoyote kwa mtoto.

Sheria ya Uingereza inapiga marufuku krimu hizo, iwe upande wa Brent au wa Camden wa Kilburn High Road, lakini kopo lililoletwa na mgeni halipiti dukani. Tazama maandishi yake: "calomel", "mercury", "mercuric" au "Hg". Likikuonya usiguse nalo dhahabu au vito, liache hapohapo. Zebaki hushikana na dhahabu. Ndivyo wachimbaji wa Geita wanavyokusanya dhahabu kutoka kwenye mchanga. Kopo lisilo na maandishi yoyote nalo lisiaminiwe.

Kama umekwisha kulitumia, dada yangu, usione haya. Acha leo, lifunge, na mwambie mkunga au daktari wako. Kipimo cha mkojo kitaonyesha umebeba kiasi gani.