Bendi ya Kubuni na Kamera Iliyoifuata

Bendi ya panki ikivunjika kisha ikarudi jukwaani, ina kesi ya kujibu. Muziki huo ulipovuma katika miaka ya 1970, uliwacheka wanamuziki wakongwe waliokuwa wakiishi kwa sifa za zamani, na waimbaji wake walijinadi kuwa hawana mpango na kesho. Miaka 20 baadaye wenyewe walikuwa wamegeuka zilipendwa. Sex Pistols wa Uingereza, waliosambaratika Januari 1978 wakiwa ziarani Marekani, waliimaliza kesi yao kwa kukiri mapema: walipoungana tena mwaka 1996 waliiita ziara yao mapato ya aibu, wakaenda zao kukusanya viingilio. Mwaka huohuo mwongozaji wa Kanada, Bruce McDonald, alitoa filamu ya Hard Core Logo, kuhusu bendi ya panki ya Vancouver inayorudiana kwa ziara ya mwisho. Imepigwa kama dokumentari, kwa mahojiano, kamera ya begani na wanabendi wanaogombana huku wakijua wanarekodiwa. Ila bendi hiyo haikuwahi kuwapo. Iliumbwa na mwandishi Michael Turner katika kitabu chake cha mwaka 1993, na wanabendi ni waigizaji. Hata hivyo, kuhusu jambo hili la bendi kurudiana, filamu hiyo ya uongo inasema mengi kuliko dokumentari nyingi za kweli, na sababu yake ni kamera.

Kisa chenyewe kinaanza na ulaghai. Mwimbaji Joe Dick anawatangazia wenzake kwamba Bucky Haight, mkongwe waliyemwabudu tangu ujana, amepigwa risasi na kukatwa miguu. Kwa ajili yake wanaungana kwa onyesho moja la hisani, linafana, na Joe anawashawishi wapande gari waelekee mashariki, kupitia miji kama Calgary, Regina na Winnipeg. Kutoka Vancouver hadi Winnipeg ni zaidi ya kilomita 2,000 za barabara, na humo ndani wamebanana watu wanne wenye kinyongo cha miaka. Mpiga gitaa Billy Tallent ana jicho lake Los Angeles, ambako bendi kubwa inaweza kumchukua. Mpiga besi John Oxenberger anaishi kwa dawa za ugonjwa wa akili, na zinapopotea njiani tunamwona akiporomoka kidogo kidogo, tukisikia pia maneno ya daftari lake la safari. Kisha wanafika kwa Bucky Haight shambani, nao wanamkuta na miguu yake yote miwili. Hakupigwa risasi wala hajui lolote kuhusu mchango uliotangazwa kwa jina lake.

Hapo ndipo dokumentari ya kuigiza inapoonyesha kazi yake. McDonald anajiigiza mwenyewe kama mtengenezaji wa dokumentari, na kadiri safari inavyosonga inadhihirika kwamba kamera yake si shahidi tu. Joe anajua anatazamwa, hivyo anazidisha. Billy anajua pia, hivyo anapima maneno. Mtengenezaji naye ana hamu ya ugomvi, kwa maana bila ugomvi hana filamu. Kurudiana kwa bendi ni maonyesho hata kabla ya kupanda jukwaani: watu wa makamo wanaigiza vijana waliokuwa, mbele ya mashabiki waliolipa ili waone uigizaji huo. Kamera inapoingia, wanalazimika kuigiza mara ya pili, kwamba bado ni marafiki. Katika dokumentari ya kweli tabaka hili la pili halionekani kirahisi, kwa sababu anayerekodi ameingia kwa ruhusa ya bendi, na ruhusa ina bei yake.

Mtu anaweza kuniuliza: na Anvil je? Swali zuri. Dokumentari ya Sacha Gervasi ya mwaka 2008 kuhusu bendi hiyo ya metali kutoka Kanada ni ya kweli tupu, na inagusa moyo. Tunamwona mwimbaji Steve Kudlow akisambaza chakula cha mashuleni ili aishi, kisha akizunguka Ulaya kwa ziara inayokwama kila kituo, na hatimaye bendi ikipanda jukwaani Japani ikihofia ukumbi mtupu na kuukuta umejaa. (Mpiga ngoma wao anaitwa Robb Reiner, karibu sawasawa na Rob Reiner aliyeongoza This Is Spinal Tap, mzaha maarufu wa mwaka 1984 kuhusu bendi ya roki. Dunia ina utani wake.) Lakini Gervasi alikuwa rafiki wa Anvil, ujanani aliwahi kusafiri nao kama mhudumu wa ziara. Filamu yake ni zawadi ya rafiki, na ilisaidia kuwafufua. Sisemi kwamba imedanganya. Nasema kwamba mtu anayewapenda hivyo hawezi kuwauliza kama kamera yake imewasukuma mahali wasipopaswa kufika. McDonald angeweza kuuliza, kwa kuwa aliyekuwa akimweka hatarini ni mtu wa kubuni.

Pingamizi zito zaidi ni lile la ushahidi. Kisa cha kutunga hakithibitishi kitu. Mwandishi akitaka bendi ivunjike, itavunjika ukurasa ujao. Ni kweli, lakini umbo la dokumentari humfunga mtunzi mikono. Haonyeshi ila kile ambacho kikosi cha kamera kingeweza kukipata, na sura ya uongo huumbuka upesi kuliko katika filamu ya kawaida. Ndiyo maana uamuzi wa kumpa Hugh Dillon nafasi ya Joe Dick ulikuwa na uzito: Dillon alikuwa mwimbaji halisi wa bendi ya Headstones, na sauti inayosikika ni yake. Wenye kazi yao nao walijitambua humo. Bendi moja ya Ontario iliyokuwa ikiitwa Pezz ilibadili jina mwaka 1999 ikawa Billy Talent, kutokana na yule mpiga gitaa wa kubuni, na ikaja kujulikana nje ya Kanada kwa jina hilo. Umaarufu haugeuzi uongo kuwa kweli, nakubali, lakini wanamuziki hawaazimi jina la mtu wasiyemfahamu hata kidogo.

Filamu ina udhaifu wake. Ile sehemu ya shambani ambapo watu wanatumia dawa za kulevya na picha zinaanza kuyumba ni ya filamu nyingine kabisa, mwongozaji amejisahau. Mwisho nao wengi huuona umezidi, na asiyetaka kuujua aishie hapa. Huko Edmonton, baada ya Joe kumshambulia Billy jukwaani, anakaa nje na watu wa kamera, anakunywa nao, kisha anajipiga risasi mbele yao. Wanaolalamika husema ni kishindo cha bei rahisi. Kingekuwa hivyo kama filamu isingetumia muda wote kutuonyesha mtu asiyejua tena kuishi bila kutazamwa, na kikosi kisichojua kuzima kamera. Kitendo cha Joe hakitetewi, wala filamu haikipambi. Inachofanya ni kumwacha mtengenezaji akiwa na picha aliyokuwa akiitafuta, nasi tukiwa tumeitazama.

Umbo peke yake, hata hivyo, halitoshi. Mwaka 2010 McDonald alitoa sehemu ya pili, safari hii akimfuata Care Failure, mwimbaji halisi wa bendi halisi ya Die Mannequin, anayedai kuingiwa na roho ya Joe Dick. Kwa hesabu ya ukweli filamu hiyo ilikuwa na mtaji mkubwa zaidi, maana mhusika wake alikuwa mtu wa kweli. Bado haichomi kama ya kwanza. Haina watu wawili wanaojuana tangu ujana, mmoja akitaka safari isiishe na mwingine akihesabu siku za kuondoka, na bila hao kamera inabaki ikimfuata mtu asiye na cha kuificha.