Utetezi wa Kichekesho: Sinema ya Muhogo Mchungu na Wahakiki Wake

Katika uchambuzi wa sanaa za Kiswahili, tanzia hukaribishwa barazani na kichekesho huachwa uani. Nia ya makala haya ni kuitetea sinema moja iliyopatwa na hali hiyo, nayo ni Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa Tanganyika mwaka 1952. Mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alishika cheo cha Waziri Mkuu. Humo alicheza mtu wa shamba aingiaye Dar es Salaam akanaswa na walaghai.

Hoja za wahakiki ni mbili. Ya kwanza yasema kwamba sinema hiyo ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, iliyotaka kuwatisha vijana wasihamie mjini. Ya pili yasema kwamba mshamba apumbazwaye ni sanamu ya kumdharau Mwafrika. Hoja ya kwanza haikosi ukweli, kwani kazi hiyo ilitokana na mpango wa serikali pamoja na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Lakini kumjua aliyegharimia mchezo si kujua mchezo wenyewe wasema nini.

Yafaa ikumbukwe mafundisho yaliyotangulia. William Sellers, aliyeongoza idara ya filamu za makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba sinema za Waafrika sharti ziende polepole, ziwe nyepesi, wala zisiwe na mbinu za kuwachanganya watazamaji. Kichekesho cha walaghai hakiwezi kabisa kufuata sheria hiyo. Mshamba amwaminipo mwizi, hatucheki mpaka tuwe tumekwisha kumtambua mwizi. Basi mchezo wa namna hii wamtaka mtazamaji awe mwerevu kuliko shujaa. Aliye mjinga ni mmoja tu, naye yumo katika picha. Walioketi mbele yake wamepewa heshima ambayo Sellers aliwanyima.

Tena, ni nani waliokuwa na sababu ya kucheka? Tumfikiri mtu wa Mawengi, katika nyanda za Ludewa. Wanaume wengi wa nyanda za kusini walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na tangu mwaka 1944 shirika la SILABU liliwaandikisha na kuwasafirisha. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji serikali imweleze hatari za mjini. Alijua jinsi lafudhi ya Kipangwa iwezavyo kumfichua msemaji kwa neno moja tu, na jinsi ujira wa miezi mingi uwezavyo kutoweka jioni moja. Kwake yeye kicheko si dharau. Ni maarifa yanayopokezanwa.

Neno lenyewe mshamba lastahili kuangaliwa. Kwa umbo lake ni mtu wa shamba, basi. Maana ya ujinga ilipachikwa na mji. Jina la sinema, kwa upande wake, larudisha mizani. Muhogo mchungu una sumu, na alaye bila kuujua hudhurika. Lakini wakulima huuroweka, huuanika ukawa makopa, kisha huutwanga wakapata chakula. Ujuzi huo ni wa shamba, si wa mji. Mlaghai ajionaye mjanja hana hata habari nao. Jina hilo, basi, halimtukani mkulima. Laonya kwamba kitu kidharauliwacho kina nguvu yake.

Si jambo la Afrika Mashariki peke yake. Huko Marekani, kichekesho cha vurumai cha Howard Hawks, Bringing Up Baby, hakikupata mafanikio ya fedha yaliyotarajiwa kilipotoka mwaka 1938. Mwaka 1990 kiliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Filamu haikubadilika, waliobadilika ni wasomi, walipoacha kudhani kwamba lichekeshalo halina fikira.

Nasi tunalo deni kama hilo. Twakusanya tenzi, twahifadhi ngano za Abunuwasi, na katika hizo twakubali kwamba mzaha hubeba hekima. Hapana sababu ya haki ya kuyanyima mazungumzo ya sinema za Kiswahili za miaka ya 1951 hadi 1953 uchunguzi uleule. Tukiwaachia wanahistoria wa ukoloni peke yao, watatueleza vema nani aliamuru kamera iwashwe. Kwa nini watu walicheka, na kwa maneno gani, ni kazi ya wanalugha.