Samaki wa birikani: Somo la afya katika nyumba kongwe ya Lamu

Ukiwapeleka watoto Lamu wakati wa Maulidi, watavutwa kwanza na mashindano ya punda na ya mashua. Waache wafurahi, lakini tenga saa moja ya asubuhi uwaingize Makumbusho ya Nyumba ya Mswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyo ndani ya mji wa kale.

Wageni wengi hukodolea macho zidaka za ukutani. Pita hapo upesi uende chooni. Ndiyo, chooni! Katika birika la maji la nyumba kama hizi, wenyeji walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Haikuwa urembo. Mwaka 2004, baada ya ukame, homa ya chikungunya iliikumba Lamu, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kuwa karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbu wanaoieneza huzaana katika maji yaliyowekwa nyumbani, tena huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Asiye na samaki afunike mtungi wake na kuusugua kila wiki. Mkiwa matembezini, mtoto avae mikono mirefu hata jua likiwaka.